Siok-hun na Mikono ya Fundi Si

Nyumba zetu hapa mjini Lukang ni nyembamba na ndefu, na katikati kuna uwa ambao jua linamwagika mpaka macho yanauma. Mpige mtu picha ukumbini, mbele ya madhabahu ya mababu, mlango wa uwani ukiwa wazi, uone kazi. Ama uwa utatoka mweupe pepepe, ama watu watatoka weusi tii. Jirani yangu Siok-hun, mwenye studio ya picha ukuta mmoja na duka langu la biskuti, amepigana na milango hiyo tangu mumewe afe na kumwachia kamera. Na mwanamke huyu hakubali kushindwa, hata na mlango.

Ndiyo maana alipopata programu mpya ya kompyuta, ya kujaribu bure siku chache, alikuja kunitoa dukani kwa kunivuta aproni.

"Njoo uone, Kui-hoa! Unapiga picha tatu za mahali pamoja. Moja ya giza, moja ya kati, moja ya mwanga mwingi. Halafu yenyewe inazishona zinakuwa moja, kila kitu kinaonekana!"

Akanionyesha picha ya jiko langu la kuokea. Moto unaonekana, masizi yanaonekana, mpaka ufa wa ukutani ambao mimi mwenyewe nilikuwa siujui.

"Hilo jiko langu au la kuzimu? Mbona linawaka rangi hivyo? Punguza, mama!"

"Una mdomo wewe," akasema, lakini akapunguza. Akawa anavuta kitufe mbele na nyuma, kidogo kidogo, hadi picha ikatulia ikawa jiko kama jiko. Nikamwona amefurahi kama mtoto. Siku hizi watu wanapigana picha kwa simu zao, studio imepooza, na mtu aliyepoa hivyo akipata kitu kipya mkononi hatosheki mpaka akitumie.

Sasa, yuko Fundi Si. Mzee huyu anachonga sanamu za miungu, karakana yake iko mbele ya nyumba yake, mtaa huuhuu. Mikono yake imeanza kutetemeka. Mimi nilijua kwa sababu nampelekea uji asubuhi na nimeona chai inavyomwagika. Siok-hun alijua kwa sababu mzee alimwambia mwenyewe, siku Kok-hui, mwanawe wa pekee, alipopiga simu kwamba anakuja na mkewe kutoka Taipei, na anataka picha ya familia ukumbini.

"Binti, piga mara moja tu," mzee alimwambia, mimi nikiwepo. "Chap, basi. Kok-hui akiijua hali hii ananihamishia kwake siku hiyohiyo, ghorofa ya kumi na ngapi sijui. Nikikaa kule bila harufu ya mbao nitakufa. Nakuomba."

"Chap, Fundi Si. Nimekuelewa," Siok-hun akajibu. Na alimaanisha, nampa haki yake.

Siku ikafika. Fundi Si akakaa kwenye kiti cha katikati, Kok-hui kulia, mke kushoto. Siok-hun akatazama kwenye kamera, akainua kichwa.

"Mko watatu. Siwapigi."

Hakuna wa kumbishia. Watu watatu kwenye picha, wa katikati ndiye hutangulia kufa. Studio gani ya Lukang itakubali? Basi nikaitwa mimi, mikono imejaa unga, nikasimamishwa nyuma ya mzee kama ndugu. Kutoka hapo niliona mgongo wake umekakamaa. Viganja amevikandamiza magotini, kama desturi ya picha inavyotaka, anavikandamiza kwa nguvu zote.

Mlango wa uwani ulikuwa wazi, jua linawaka, na nyuma yangu madhabahu yenye dhahabu yote ile imo gizani. Nikamwona Siok-hun anautazama ule mlango. Nikajua tumekwisha.

Kamera ikalia. Ikalia tena. Ikalia tena.

Jamani, nilitamani kumrushia kiatu! Mzee akamtupia jicho. Mwanamke yule akashika mdomo, ndipo alipokumbuka.

Tukaenda studio. Mke wa Kok-hui akashika njia ya hekaluni kuchoma ubani, mzee akasema atapumzika kidogo, lakini Kok-hui akatufuata. Akasimama nyuma ya kiti cha Siok-hun, mikono mfukoni, na hapo ndipo roho yangu ilipopanda juu.

"Ukaoge, upumzike, nitakuletea," Siok-hun akamwambia.

"Nataka kuona, Shangazi. Baba anasema una programu ya ajabu."

Kimstari kikatambaa kwenye skrini, polepole. Picha ikatokea. Uwa na vyungu vyake vya maua, madhabahu na kila mchongo, mimi na unga wangu. Kila kitu kimekaa sawasawa. Magotini mwa Fundi Si, moshi. Vidole juu ya vidole, mikono miwili imekuwa sita, hakuna hata mmoja kamili.

"Ni programu," Siok-hun akasema upesi. "Bado mpya." Akabofya palipoandikwa ondoa kinachosogea. Loo, bora asingebofya! Mikono ikatoweka kabisa. Mikono ya shati imeishia hewani, magoti matupu. Mchongaji mzima, hana mikono. Nikamwita Mazu, mungu wetu wa kike wa bahari, kimoyomoyo atulinde.

"Mbona mikono yangu ipo?" Kok-hui akauliza. "Ya Mama Kui-hoa ipo. Ni ya Baba tu."

"Alikuwa anafukuza nzi," nikadakia.

"Kwa mikono yote miwili?"

"Nzi wa Lukang huwajui wewe, umekaa Taipei sana."

Hakucheka. "Shangazi, fungua zile picha tatu. Moja moja."

"Nimeshazifuta."

Zilikuwa zimejipanga palepale chini ya skrini. Kok-hui akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe cha mshale mwenyewe. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Akarudi. Akaenda tena, haraka zaidi, na mikono ya baba yake ikawa inatetemeka pale mbele yetu sote watatu.

Akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Tangu lini?"

"Muulize mwenyewe," Siok-hun akasema.

"Mwaka mzima ananipigia simu ya sauti tu. Ya kuonana hataki, eti kamera ya simu mbovu." Akafuta uso. "Namchukua. Leo hii hii."

Hapo nilikasirika. "Umchukue kama furushi? Umemuuliza? Baba yako anazinusa hizo mbao toka hujazaliwa. Mtoe pale, halafu uje uniambie anaishi kwa kitu gani!"

Siok-hun hakutusikiliza tena. Alikuwa ameinamia skrini, anaikuza picha ya pili, na nikaona kwa nini. Katika ile moja mikono ilikuwa imetulia kidogo, katikati ya tetemeko na tetemeko. Akaichukua mikono ya picha hiyo peke yake, akaipandisha mwanga polepole, akaishonea mahali pake. Mishipa ikaonekana, na kovu la patasi kwenye kidole gumba. Akachapisha bila kumwangalia mtu, akaitia kwenye fremu nene ya mbao ya mkafuri yenye kioo.

Mlango ukafunguliwa. Fundi Si hakuwa amepumzika hata kidogo. Alikuja mikono nyuma, na jicho lake likaenda moja kwa moja magotini kwenye picha.

"Ha!" akasema, uso ukamfunguka. "Ile ndiyo mikono ya fundi. Lete, lete niishike."

Siok-hun alisita. Mzee akaichukua mwenyewe. Kioo kikaanza kugonga kwenye fremu, tiki tiki tiki, na kadiri alivyokaza ndivyo kilivyozidi. Kok-hui akainuka, akaweka mikono yake chini ya ile ya baba yake.

"Fremu nzito hii, Baba."

Mzee akamtazama, akaitazama kompyuta, akamtazama Siok-hun aliyekuwa anaangalia sakafu huku machozi yanamlengalenga.

"Si fremu, Kok-hui," akasema. "Ni mimi. Tangu mwaka jana." Akamgeukia mwanawe. "Unanipeleka Taipei?"

Kok-hui akaitazama ile mikono minne kwenye fremu, mpaka nikataka kumpiga ngumi ya mgongo.

"Leo hapana, Baba," akasema. "Leo tunaenda kutundika picha. Shika upande huo."