Ram Niliyoipeleka Ukweni Bila Kuuliza

Iko siku moja naikumbukaga, mwanangu, na ikinijia nacheka peke yangu, hata kanisani. Siku hiyo nilikaa sebuleni kwa watu, Butiama, bisibisi mkononi, jasho linanitiririka, na kompyuta ya mzee mwenye nyumba inalia piii, piii, piii na kioo chake cheusi tii.

Nakuhadithia kwa sababu nimesikia umepata kompyuta ya mezani, ya zamani, inajikokota, na umeazimia kuiongezea ram, kile kijibao cha kuipa wepesi. Vizuri sana. Ila umesema utapita tu pale mtaa wa Mukendo, Musoma, uchukue yoyote utakayoikuta dukani. Hapo ndipo nilipovuta kiti. Keti kwanza, ram haikimbii.

Mimi nilikuwaga kijana wa kuchapa barua na kadi za harusi kwenye duka moja la kompyuta, hapo hapo Musoma mjini. Kwetu ni Nyegina, na baba yangu alikuwa mtu wa ng'ombe. Mzee yule alikuwa akifika mnadani anasimama mbali, anatazama mara moja, anakwambia huyu ana mimba, yule ana homa, huyu pembeni msimguse. Watu walimsifia jicho lake. Basi na mimi nikajiona nimelirithi, nikawa kila kitu nanunua kwa kutazama. Kuuliza niliona ni kwa wasiojua.

Wakati huo nilikuwa nimempenda binti mmoja, Nyangeta, fundi cherehani wa duka la jirani. Nilimpenda kweli, sioni haya kusema. Barua ya posa ilikuwa imeshakwenda kwa baba yake, mzee Magesa, karani mstaafu wa pamba aliyerudi kwao Butiama. Miezi mitatu ikapita bila jibu. Si kwamba alikataa. Alikuwa anaulizia ukoo wangu, kama wazee wetu wanavyofanyaga: akatuma watu Nyegina kwa baba zangu, kisha akatuma Kisorya kwa wajomba zangu, ajue kama hatuna undugu, kama hakuna ugomvi wa zamani, kama mama zetu waliishi vizuri na waume zao. Mimi nikanuna. Nikamwambia Nyangeta kwamba baba yake anapeleleza kuliko polisi. Akaniambia nivumilie, mvumilivu hula mbivu. Nikamjibu kwamba mbivu nazo zinaozaga.

Sasa mzee Magesa alikuwa na kompyuta, amepewa na mwanawe mkubwa ilipochoka kazini kwake. Alikuwa anaandikia kitabu cha ukoo wao: majina ya mababu, nani alihama kutoka wapi, nani alizaa nani, mambo aliyoyakusanya kwa wazee ambao wengine walikuwa wameshafariki. Lakini mashine ilikuwa nzito, ukiwasha unaweza kusonga ugali ukaula kabla haijafunguka. Nyangeta aliponidokeza, nikaona mlango huu hapa. Nikatuma salamu kwamba mzee asihangaike, mkwe anakuja na ram. Hata mkwe sijawa, lakini nikajiita.

Kosa langu, mwanangu, lilianza kabla hata sijanunua kitu. Nilikuwa nimeshafika pale mara moja, nimekwenda kusalimia na kifurushi changu cha samaki wakavu, furu wa ziwani, na nikaisikia ile kompyuta ikiunguruma kutoka chumbani kwa mzee. Chumbani kwa baba mkwe! Unajua kwetu mambo ya ukweni. Mlango ule hata kuutazama ni kazi, unainamisha macho. Nikasema moyoni, nitaombaje kuona kilichomo humo? Nitaonekana sina adabu. Nikanyamaza, nikanywa chai, nikaaga. Na wahenga walishasema, mficha uchi hazai.

Dukani pale Mukendo, muuzaji aliniuliza kompyuta yenyewe inatumia ram ya aina gani. Nikamwambia ni ya mezani, anipe ile kubwa. Akauliza tena, kwa upole kabisa, kama nimeifungua nikaona iliyomo. Nikakasirika. Mtoto wa mtu mwenye jicho anaulizwa mara mbili! Nikachukua iliyong'aa kuliko zote nikaondoka.

Nilipofika Butiama, mzee akamwita mwanawe mdogo alitoe lile kasha la kompyuta. Likaletwa sebuleni pamoja na kioo chake, likawekwa mezani, mambo yakaisha. Yaani kumbe lingeweza kutolewa tu, tangu siku ile ya furu, kama ningefungua mdomo. Mama yake Nyangeta akaleta chai na viazi vitamu. Nikafungua kasha kwa madaha. Ndani mlikuwa na nafasi mbili za ram, moja ina ram ya zamani na nyingine tupu. Nikachukua yangu nikaiweka kwenye ile tupu, ikakataa. Ram zina pengo dogo chini, na pengo hilo sharti likae juu ya kijino kilicho kwenye nafasi yake. La kwangu lilikuwa limesogea pembeni, kama upana wa punje ya mtama hivi. Ya mzee ilikuwa ya aina ya DDR, kizazi cha mwanzo. Mimi nilikuwa nimeleta ya kizazi cha pili, DDR2.

Mtu mwenye akili angesimama pale. Mimi nikasema ni vumbi, nikapuliza, nikakandamiza kwa vidole gumba viwili. Kah! Kitu kikavunjika. Mzee akaniuliza kama ndivyo inavyoingiaga, nikamwambia ndivyo, baba. Nimedanganya nyumbani kwa watu, chai yao mdomoni.

Nikawasha. Piii, piii, piii. Nikazima, nikaitoa yangu, nikawasha tena. Piii, ile ile. Mwanangu, nilidhani kitabu cha ukoo kimekufa mikononi mwangu, mababu wote wa watu, na wale wazee waliokwisha kuzikwa hakuna wa kuwauliza tena. Nikamwona Nyangeta amesimama mlango wa jikoni. Alikuwa ananitazama mimi, hata kompyuta haitazami, na mimi nikashindwa kumtazama.

Mzee Magesa hakupandisha sauti. Aliweka kikombe chini, akaichukua ile ram yangu akaigeuzageuza.

"Kijana," akasema, "mimi nimeulizia ukoo wako Nyegina, nikaulizia Kisorya, na nimesikia unanung'unika kwamba nachelewa. Wewe umeleta mgeni wa kukaa na kitu changu, na hukuuliza hata anakaa na nani. Binti yangu naye utamchukua hivi hivi, kwa vidole gumba?"

Nikamwambia ukweli, kwamba niliona aibu kuomba kuona kilichomo chumbani kwake.

"Aibu hiyo umeielewa vibaya," akasema. "Chumbani huingii. Lakini nani alikukataza kuuliza ukiwa mlangoni?"

Nikamwomba radhi, nikamwomba na lile kasha nikalitafutie fundi.

Kesho yake nililibeba lile kasha hadi Bunda, kwa fundi mmoja mwanamke aliyeitwa Esta, watu walisema anajua mashine za zamani. Alinisikiliza, akacheka mpaka akashika meza. Akaniambia nitulie, kitabu hakikai kwenye ram. Ram ni kama meza unayotandazia kazi, na kitabu chenyewe kimo kabatini, kwenye diski, salama. Nilikaribia kumkumbatia. Akachomoa ile ram ya zamani, akazisugua ncha zake za rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, akairudisha sawasawa, na kompyuta ikawaka. Kumbe katika kukandamiza kwangu niliilegeza. Ile nafasi niliyoivunja, hiyo haikupona tena.

Hapo ndipo nilipofunzwa kazi, na mwalimu wangu alikuwa mkali. Akanisomesha lebo ya ram iliyomo, ni DDR ipi na ina kasi gani. Akanionyesha jina la mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, lililoandikwa juu yake, tukatafuta kwenye mtandao inakubali ram kubwa kiasi gani kwa kila nafasi, maana ukizidisha haiitambui, umepoteza bure. Akanionya kwamba hata Windows za zamani zina kipimo chao, zile za biti thelathini na mbili hazitumii zaidi ya giga nne hata ukizijazia. Na kwa kuwa nilibakiza nafasi moja tu, ilibidi niitoe ya zamani niweke moja kubwa zaidi ya aina ile ile. Nilirudi kwa yule muuzaji wa Mukendo na karatasi ya vipimo hivyo mkononi, nikamwomba radhi, nikanunua iliyo sahihi. Akacheka naye. Siku hizo kila mtu alikuwa ananicheka.

Jumamosi iliyofuata nikarudi Butiama na lile kasha. Safari hii nilisimama mbali na kile chumba, macho chini kama desturi, nikabisha kwa mdomo: "Baba, kabla sijaweka kitu, naomba kukuuliza." Nikamuuliza anatumia programu zipi, kama kitabu kimenakiliwa mahali pengine, kama kuna siku umeme uliwahi kuipiga. Alijibu yote bila kuchoka. Nikahakikisha waya wa umeme umechomolewa, nikagusa chuma cha kasha nitoe umeme wa mwilini, nikaweka ram. Iliingia yenyewe, kwa kidole kimoja kila upande, kitu laini kabisa. Kompyuta ikawaka, kitabu kikafunguka kabla mama hajamaliza kumimina chai.

Mzee akakisoma kidogo, akashuka mpaka ukurasa wa mwisho, ulikuwa mtupu, unangoja majina mapya. Kisha akanigeukia.

"Ukoo wenu nimemaliza kuuliza, na nimeridhika," akasema. "Aliyekuwa amebaki ni wewe. Waambie baba zako waje."

Nyangeta alikimbilia uani. Mimi nililia, mwanangu, mwanaume mzima, na sikujali nani ananiona.

Basi kaa na neno hili. Kabla hujanunua ram, fungua kasha, soma lebo ya iliyomo, hesabu nafasi, jua mazabodi yako inakubali nini na programu yako inatumia kiasi gani. Kitu kikikataa kuingia, usikishindanie, kimekujibu tayari. Kama kompyuta si yako, muulize mwenyewe. Na usifanye haya kwa kompyuta peke yake. Nyumba utakayoingia, kazi utakayoishika, mtu utakayeishi naye, uliza kwanza, uliza kwa adabu, na anayekuuliza wewe usimnunie, huenda ndiye anayekupenda. Kuuliza si ujinga. Ujinga nilikuwa nao mimi, niliuacha Butiama umevunjika ndani ya kasha la mkwe wangu.

Nenda sasa, Mungu akutangulie. Akupe mdomo usioona haya kuuliza na mikono isiyolazimisha, na kila mlango utakaobisha kwa heshima, akufungulie.