Steringi Amekufa

Mzee wa kiti cha mbele aligeuka mara ya tatu, kidole mdomoni. Sshh! Nikamtolea macho, nikaendelea. Mama yangu haoni vizuri na Kiingereza hakijui. Nisipomtafsiria mimi, nani? Nikae kimya kwa kuwa babu mmoja Mwingereza wa Perry Barr amekereka? Thubutu!

Kila Jumatano mchana tulipanda basi kutoka mtaani kwetu Small Heath kwenda kwenye ukumbi ule wa sinema, unaoonyesha wazee picha za zamani, zile nyeusi na nyeupe, za majambazi wa kofia na makoti marefu. Mama alizipenda tangu usichana wake Unguja, ambako ukumbi mzima ulipiga kelele kumwonya steringi. Kwake picha ya kutazamwa kimya ni matanga. Na steringi hafi, alisema kila siku. Atapigwa, atafungwa, lakini mwisho anasimama.

Siku hiyo roho yangu haikuwa imetulia. Wiki iliyotangulia daktari wa macho alituambia kwamba jicho la kushoto limekwisha, la kulia litafuata, na dawa ya kulirudisha hakuna. Mkalimani nilikuwa mimi. Nikamwambia Mama, "Anasema uendelee na matone." Akafurahi, akamshika daktari mkono, akamshukuru. Nilipanga kumwambia kesho yake. Nikaogopa, siku zikapita.

Kwenye picha, mjane mwenye duka, ndiye steringi, alimficha darini mtu aliyesingiziwa kuua. Muuaji hasa alikuwa inspekta, aliyekuja kila asubuhi kunywa chai ya mjane huyo na kumchimba.

"Ni huyo huyo!" Mama alisema kwa sauti. "Sauti yake tu! Mfukuze, mama we!"

Sshh!

Mwisho inspekta alidai ufunguo wa darini. Mjane akasimama kwenye ngazi, mikono mitupu, akakataa. Risasi ikalia. Akaanguka, akatulia.

"Amempiga bega," nikamwambia Mama. "Anainuka."

"Anainuka?"

"Eeh. Anainuka."

"Mbona hasemi?" Akasikiliza. "Mimi natazama picha tangu sijaolewa, mtoto wee. Muziki huo wa maiti. Steringi amekufa. Unanificha nini?"

Taa zikawashwa, watu wakaanza kuvaa makoti. Mama hakuinuka.

"Na daktari alisema nini?"

Nikamwambia yote. Mama alikumbatia mkoba wake.

"Kwa hiyo ulinifanya nimshukuru," akasema.

Wallahi, bora angenizaba kibao.

Mwanamke anayesimamia ukumbi akatujia, tabasamu tele, akazungumza taratibu. Mama akanigeuzia uso. "Anasemaje? Nataka alivyosema yeye."

"Anasema tunawasumbua wenzetu. Wiki ijayo tukae viti vya nyuma kabisa, au tusije."

"Aa! Mwambie tutakuja, na tutakaa mbele, kwa sababu nyuma sioni. Mwambie jicho lililobaki linakufa, na siku likifa nitakuja vilevile, na wewe utanisimulia kwa sauti hiyo hiyo. Haya, sema. Usipunguze hata neno."

Yule mwanamke alikuwa bado anatabasamu. Yule mzee naye alisimama na koti mkononi, anasikiliza. Nikasema yote, hata lile la jicho.