Mkono Mgongoni mwa Sajini

Sisi watu wa parashuti tulikuwa na sheria moja: mtu hasimulii mruko wake mwenyewe. Mruko wako anausimulia yule aliyesimama nyuma yako ndani ya ndege, kwa sababu yeye ndiye aliyekuona ukitoka. Wewe hukujiona. Wewe uliona mbingu, na mtu aliyeona mbingu haaminiki.

Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili yangu. Nilikuwa nimesimulia mara elfu kumi jinsi upepo ulivyonibeba hadi juu ya mto Rusizi, nikatua mbele ya kiboko, na kiboko akasimama wima akanipigia saluti. Jumapili moja wenzangu wakasema inatosha. Bahati mbaya, yule aliyesimama nyuma yangu siku zile alikuwa ameshakufa kwa malaria, basi nikabaki mtu asiye na mruko. Nilibaki na wa mwenzangu tu, ule wa aliyekuwa mbele yangu, na huo niliupamba mpaka mwenyewe akawa ananikatiza huku mdomo umejaa nyama.

Tulikuwa watatu. Tulikutana Jabe, mtaa wa chini mjini, nyuma ya kibanda ambamo Sajini alitengeneza baiskeli baada ya kustaafu jeshini. Yeye alikunywa chai ya tangawizi, maana alikuwa Mwislamu wa Jabe tangu babu yake. Koplo, aliyejenga nyumba Kinanira, mtaa wa juu mlimani, alikunywa bia na kuimba sauti ya nne katika kwaya ya kanisa. Mimi nilikunywa vyote viwili. Nilikuwa karani bandarini, nikihesabu magunia, kazi niliyoipata kwa cheti cha shule ya usiku, na cheti hicho nilikipata nikiwa na mvi nyingi kuliko mwalimu.

Siku za kuruka, Sajini ndiye aliyekuwa wa kwanza mlangoni. Nyuma yake Koplo. Nyuma ya Koplo, mimi. Kwa hiyo mruko wa Sajini ulikuwa mali ya Koplo, na Koplo aliusimulia kwa maneno yaleyale kila Jumapili, hasa ule wa mwisho, ambamo Sajini alivunjika mguu kwenye mfereji wa mashamba ya pamba.

"Alisimama mlangoni," alisema, "akaangalia nje kama mtu anayetazama kama mvua imekatika. Akatoka."

Basi. Kisha alichukua mshikaki mwingine. Mimi nilimwambia kwamba hadithi yake ni nyembamba kama spoko ya baiskeli, na yeye akanijibu kwamba angalau haina viboko. Sajini aliinamisha kichwa, akapapasa ule mguu wake mbovu.

Kisha vita ikaja, na mitaa ikaanza kuchagua watu wake. Kulikuwa na mitaa ya hawa na mitaa ya wale, na Jabe yetu, iliyokuwa ya kila mtu, ikawa kama shati linalovutwa na watu wawili. Siku nyingine vijana walipanga mawe barabarani wakaamuru mji wote ulale, maduka yafungwe na mtu asitoke, na mji ukalala. Koplo aliacha kuja. Hakuaga. Jumapili moja kiti chake kilikuwa kitupu, na Jumapili iliyofuata Sajini alikiingiza kibandani akaning'iniza tairi juu yake. Miaka yote ile ya chai na bia hatukuwahi kuulizana nani ni nani. Sasa barabara zilituuliza kila siku.

Ndipo Sajini akaanza kuvimba miguu. Daktari alisema ni moyo, umechoka kusukuma maji. Alilala kwenye mkeka barazani, mto mkubwa mgongoni, maana akilala chali alikosa pumzi. Nilimtembelea baada ya kazi, nikamletea habari za bandari zilizonona: nilimwambia kwamba samaki sangala mmoja alivuliwa mkubwa hadi winchi ya meli ikakataa kumwinua. Siku nyingine alicheka. Siku moja hakucheka.

"We," aliniambia, "unakumbuka ule muruko wa mwisho. Kengele ya kuruka ililia, iyo nakumbuka. Halafu nikasikia mukono hapa." Akajigusa chini ya bega. "Halafu niko inje. Katikati hamuna kitu. Nimetafuta miaka hii yote, hamuna."

Nilimwambia kwamba alitoka kama simba anayetoka kwenye nyasi.

"Sikukuuliza wewe."

Akavuta pumzi kwa taabu, kisha akasema jambo ambalo sijaliongeza hata herufi moja.

"Mu muji huu sasa, kila mutu anasema alisukumwa. Huyu alisukumwa na vijana, huyu na hasira, huyu na woga. Kila mutu iko na mukono mugongoni. Mi nataka kujua kama kuna hata siku moja nilitoka mwenyewe. Ni Koplo anajua. Umwite."

Kumwita mtu wa Kinanira aje Jabe wakati ule ilikuwa kama kumwita mtu aje atembee juu ya ziwa. Lakini lori la saruji lilikuwa likitoka bandarini kwenda huko juu, na dereva alikuwa akinipenda kwa sababu ya yule kiboko. Nikapanda.

Nilimkuta Koplo akipalilia maharage mbele ya nyumba yake, mahali palipokuwa na maua. Alikuwa amekonda, shati limemzidi shingoni. Binti yake mkubwa alisimama mlangoni na hakuondoka hapo muda wote nilipokuwepo. Koplo aliniuliza habari za kibanda, za baiskeli, za chai. Nikamweleza ugonjwa, kisha nikamweleza swali: Sajini anataka kujua kama alitoka mwenyewe au ulimsukuma.

Jembe lake halikusimama. Alipalilia mpaka mwisho wa tuta, akageuka, akaanza tuta lingine.

"Mwambie aliruka."

Nikamuuliza kama ni hivyo tu. Akasema ni hivyo tu. Binti alinisindikiza mpaka barabarani, akaniambia kwa adabu, kama mtu anayezungumza na baba yake mdogo, kwamba mzee hashuki tena mjini, na kwamba akishuka, basi Jabe si mahali pa kumpeleka. Sikumlaumu. Wiki ileile jirani yao alikuwa ameshuka kununua sukari, hakurudi.

Nilimpelekea Sajini lile neno moja jinsi nilivyopewa. Alilisikiliza, akatikisa kichwa.

"Maneno yakipita kwako yananenepa," alisema. "Hili limefika limekonda. Basi kuna kitu amebaki nacho."

Nikalala nikifikiri. Jabe haiwezekani, Kinanira haiwezekani. Lakini bandarini kila mtu alikwenda. Wapakuzi wa mitaa yote walibeba gunia moja, huyu pembe hii na huyu pembe ile, kwa sababu chumvi haimuulizi mbebaji. Mizigo ilikuwa michache siku zile, na ghala la chumvi lilikuwa nusu tupu, mlango wake mpana ukitazama ziwa. Nikatuma neno kwa dereva wa lori: Koplo ashuke na lori siku ya Alhamisi mchana, asikanyage mtaa wowote, ashukie ghalani. Dereva alirudi akasema mzee alisikia, hakujibu.

Alhamisi nilimtoa Sajini kwake. Mkewe alikuwa amekataa kwa siku mbili, na siku ya tatu alitandika blanketi kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akamfunga mumewe kwa kitenge asidondoke.

"Muende naye," aliniambia. "Lakini baiskeli hii irudi na mutu juu yake."

Nilikokota baiskeli kwa kushika usukani, Sajini nyuma yangu, pumzi yake ikisikika kama pampu mbovu. Kwenye kizuizi cha kuelekea bandarini askari kijana alituuliza tunakwenda wapi. Nilikuwa na uongo mzuri sana tayari, una meli ya Kigoma ndani yake na daktari Mhindi, lakini kijana alimtazama Sajini, akatazama jinsi alivyokaa wima juu ya baiskeli na miguu yake imevimba vile, na hakutaka kusikia zaidi. Pale palikuwa na kilima kidogo cha changarawe. Akaning'iniza bunduki begani, akazunguka nyuma ili atusaidie.

"Acha, mutoto wangu," Sajini akamwambia. "Usinisukume."

Kijana akarudi nyuma. Nikavuta peke yangu mpaka juu, na nilitoka jasho la kutosha kuogesha kijiji kizima.

Ghalani hapakuwa na mtu ila wapakuzi wachache waliokuwa wakila muhogo kivulini. Nilimketisha Sajini juu ya gunia la chumvi, uso kwa mlango na ziwa. Tukangoja. Lori la kwanza lilipita likaenda. La pili lilisimama, na nyuma, katikati ya mifuko mitupu ya saruji, alikuwa Koplo, mweupe kwa vumbi kama maiti aliyefufuka kabla ya wakati. Alishuka polepole. Hakumpa Sajini mkono. Alitazama jinsi mwenzake alivyokaa, akavuta gunia, akaliweka nyuma yake, akakaa. Hakuna aliyeniambia kitu. Nikavuta langu, nikakaa nyuma ya Koplo.

Ndivyo tulivyokaa, wazee watatu mgongo kwa kifua, tukitazama mlango uliojaa maji na mwanga.

"Aba bazee banangojea basi gani?" mpakuzi mmoja aliuliza, akituonyesha sisi wazee kwa kidole.

Mwenzake akamwambia labda tunacheza treni, tupewe tikiti. Wakacheka, na sisi tulikuwa wa kuchekwa kweli. Kisha wakaona hakuna hata mmoja wetu aliyegeuka, wakaacha kucheka, wakaendelea na muhogo wao.

Sajini alisema bila kugeuka, "Ulinisukuma?"

Koplo aliinua mkono wake. Nikauona, maana ulikuwa mbele ya uso wangu: mkono wa mtu wa jembe sasa, wenye mipasuko. Akauweka mgongoni mwa Sajini, chini ya bega, palepale mwenyewe alipojigusa siku ile barazani.

"Mukono ulikuwa wangu," alisema. "Lakini haukusukuma. Niliona chini kuna batu banachoma shamba, na moshi umelala kabisa, hausimami hata kidogo. Nikajua upepo ni mubaya. Kengele ikalia. Nikakamata mukanda wako nikuzuie." Vidole vyake vikakamata shati. "Ukanivuta hatua nzima, halafu mukanda ukanitoka. Ulienda mwenyewe, Sajini. Ulienda na mutu amekukamata."

Winchi ilikuwa ikilia mbali. Koplo hakuondoa mkono.

"Na nilikuchelewesha," akaendelea, sauti ya kwaya imepotea yote. "Ungetoka kengele ilipolia, ungetua kabla ya mufereji. Mufereji ndio ulikuvunja. Ndiyo sababu nilisimulia kifupi."

Sikuweza kuuona uso wa Sajini, na sheria yetu hainiruhusu kuubuni. Niliona kisogo chake, na masikio yake yaliyokuwa yamekauka kwa ugonjwa, na mabega yaliyoanza kutikisika. Nilidhani analia. Kisha nikaisikia ile pampu mbovu ya kifua chake, nikajua anacheka.

"Kumbe mi nilikukokota," alisema. "Mu hewa nilikukokota." Akapiga goti lake lililovimba. "Basi muguu huu ni wako. Njoo uchukue. Wa kwangu uko wapi?"

Koplo hakucheka. Aliinamisha paji la uso wake mpaka likagusa mgongo wa Sajini, akabaki hivyo. Nikatazama ziwa.

Baadaye Sajini akasema, "Sasa nisimulie. Weka na mukono ndani."

Na Koplo akasimulia, kwa sauti ambayo wapakuzi pia waliisikia: "Alisimama mlangoni, akaangalia nje kama mtu anayetazama kama mvua imekatika. Mtu alimshika. Akatoka."

Lori lilipiga honi. Koplo akapanda katikati ya mifuko yake, akaenda juu Kinanira. Baiskeli ilirudi Jabe na mtu juu yake, kama ilivyoagizwa.

Sajini alikufa kabla ya mvua za kwanza. Tulimzika adhuhuri, haraka, kwa sababu ya dini na kwa sababu ya barabara, ambazo siku ile zilifungwa kwa mawe tena. Koplo hakuweza kushuka. Jioni watu wa mtaa waliketi kwa dua kwenye baraza la marehemu, na mmoja wao, mtengeneza viatu aliyezoea kusikiliza hadithi zetu kupitia ukuta, akauliza nani atasimulia mruko wa marehemu.

Kwa sheria sikuwa na haki. Mimi nilikuwa wa tatu. Lakini wa pili alikuwa ng'ambo ya mawe, na nilikuwa nimeuona mkono ule kwa macho yangu. Wakanisogelea. Walijua ni mimi, wakajiweka sawa kwenye mikeka kama watu wanaongoja chakula kingi.

Nikasema: alisimama mlangoni, akaangalia nje kama mtu anayetazama kama mvua imekatika. Mtu alimshika. Akatoka.

Wakangoja.

"Halafu?" mtengeneza viatu akauliza.

Nikamwambia hakuna halafu. Alinitazama kwa huruma, akadhani msiba umenipiga kichwani. Mke wa Sajini, aliyekuwa ndani nyuma ya pazia na wanawake, akamwambia, "Muache. Ndivyo ilivyokuwa," na chai ikaletwa.