Siku Miss Denise Alipochekwa na Shangazi Yake

Nikinusa majani makavu hurudi darasani kwetu Al Warqa, Dubai, mwaka niliotimiza miaka kumi. Miss Denise, mwalimu wetu kutoka Kanada, alikuwa na nyasi zilizosukwa kama nywele za msichana, zikinukia vanila. Kwao huzichoma wakati wa sala. Shuleni aliogopa king'ora cha moto, akatupitishia tunuse tu.

Alikuwa Muojibwe, mmoja wa wenyeji wa asili wa Kanada, mzaliwa wa ardhi waliyotengewa watu wake. Bibi yake alichapwa shuleni kwa kusema lugha yao, naye hakuwafundisha wanawe. Miss alikuwa akijifunza ukubwani, kwa daftari.

"Ya nini, Miss?" niliuliza. Mimi na maswali hatukuachana. "Dubai nzima utaongea na nani?"

"Na shangazi yangu. Msikilizeni."

Akampigia kwa spika. Kwao ndiyo kwanza kulikuwa kunakucha. "Boozhoo," akamsalimu, kisha akajitambulisha kwa desturi yao: jina, ukoo, kwao. Ukoo wake ni makwa, yaani dubu. Katikati akakwama. Shangazi akaangua kicheko, akamsahihisha. Miss akarudia, akakosea tena.

"Miss kafeli!" Faiza, jirani yangu wa dawati, akaninong'oneza.

Nilingoja Miss aone aibu. Alicheka kuliko shangazi.

"Kesho," akasema, "kila mtu atajitambulisha hivyo, kwa lugha ya nyumbani."

Niwaambie siri: darasani nilikuwa nimeapa kwamba kwetu ni Kiingereza tu. Baba na mama waliongea Kipare, mimi nikiwajibu Kiingereza. Kila Ijumaa bibi alipopiga simu kutoka Usangi, kwetu Tanzania, nilijifungia chooni.

Jioni nikamuuliza baba, "Ukoo wetu unasemwaje kwa Kipare?"

"Haya! Leo kumekucha! Muulize bibi mwenyewe," akampigia, akanipa simu.

Nikasema sentensi zangu tatu, jasho likinitoka. Bibi akacheka hadi akakohoa. "Njooni msikie! Mjukuu wangu anasema kama Mzungu!" Neno moja alinifanya nilirudie mara nne. Kesho yake nililisema mbele ya darasa.

Chuoni nimesoma hoja nyingi kwamba lugha haiokolewi na daftari. Huenda ni kweli. Lakini mwaka jana nilimuuliza baba kuhusu lile neno lililonitesa, akatabasamu. Jioni ile alikuwa kando yangu, akisikia yote. Mara ya pili tu nilikuwa nimeshapatia, akasema. Bibi alitaka niendelee kuongea.