Daftari Lililobaki Uwanja wa Ndege

Niliondoka Morogoro kwa ajili ya mdogo wangu Rukia, anayeishi Rexdale, Toronto. Alitaka watoto wa Waswahili wa huko wasikie somo moja la historia kwa lugha ya nyumbani, nami nikachagua lile ninalolipenda kuliko yote: wakulima wa Uingereza walioasi zama za kati wakauteka mji wa London kwa siku chache. Darasani huwa nauliza swali moja tu. Wangekataa kuondoka, mji ule ungekuwaje leo?

Tulitua saa nane mchana. Afisa wa forodha alifungua begi langu, akatoa khanga, kisha daftari la maandalio ya somo. Hapo ndipo nilipouona ujinga wangu. Mimi hufundisha kwa kuigiza, wanafunzi ndio waasi, na kila hatua naiandika kana kwamba twaenda kuifanya kesho. Juu ya ramani nilikuwa nimeandika LONDON, na mishale ya wino mwekundu ilielekea darajani.

Nilipelekwa chumba cha pembeni. Simu iliwekwa mezani, na mkalimani wa upande wa pili, Mkongo kwa lafudhi yake, akatumiwa picha ya ukurasa.

"Mama, hapa munaandika, 'Tutachoma jumba la baba mdogo wa mfalme. Tutakata kichwa cha mweka hazina.' Ni nani hao?"

"Ni somo, baba. Walishakufa wote, zaidi ya miaka mia sita."

Afisa hakucheka. Alitaka kujua mwisho wake. Nilieleza: mfalme aliwaahidi uhuru, wakapewa barua zenye muhuri, wengi wakarudi makwao. Kisha barua zikafutwa, viongozi wakauawa.

"Na kama wangebakia?" aliuliza mkalimani. Sikujua kama swali lilikuwa lake au la afisa.

"Ngome ya mfalme ingekuwa ghala la nafaka la watu wote. Sheria zingesomwa sokoni, kwa lugha ya wauza samaki."

Akilini niliiona ndege ya kunirudisha ikiningoja. Mwishowe afisa akasema daftari litabaki likaguliwe, nitatumiwa kwa posta, akanipa karatasi yenye muhuri. Ilikuwa kazi ya miaka kumi na tisa. Sikudai hata ukurasa mmoja. Nilitoka mbio.

Kwa Rukia, ghorofa ya kumi na moja, nilishtuka kila lifti ilipofunguka.

"Tulia basi, dada. You're safe," aliniambia. Sikutulia.

Jumamosi ukumbini nilifundisha bila daftari. Nilipofika kwenye zile barua, Zulfa, binti wa Rukia, akanyoosha mkono.

"Mama mkubwa, why did they just go home? Kwa nini waliondoka tu?"

Jibu langu la miaka yote ni kwamba walikuwa wajinga. Safari hii lilinigomea mdomoni.

"Waliogopa, mwanangu," nikasema. "Na walikuwa wamepewa karatasi."

Siku ya kurudi, pale pale uwanja wa ndege, nilipita mbele ya dirisha la maulizo, karatasi yangu mkononi. Hapakuwa na foleni. Dada wa pale akaniuliza kama nahitaji msaada.

"Hapana, asante," nikasema, nikaikunja karatasi.

Niko Morogoro sasa, na daftari halijafika. Wanafunzi bado wananiuliza kwa nini London haikubadilika. Nawaambia ilijaa watu kama mimi.