Manjano Kwenye Ukingo wa Chuma

Siku nyambizi yetu iliposhushwa majini, wakubwa walivishwa mashada ya maua mpaka shingo zikapotea. Kila mmoja alihutubia kana kwamba aliichomelea mwenyewe. Mimi nilisimama nyuma na wenzangu wa stoo, jua la Vizag, mji wetu wa pwani ya India, likinipiga utosini, nikijua kwamba mtu mmoja hakualikwa. Alikuwa upande wa nyumba za wafanyakazi, akitengeneza geti. Basi nitamsema mimi, kwa kuwa wenye vipaza sauti hawakumsema.

Anaitwa Paidiraju. Mama yake aliuza samaki wakavu sokoni, na yeye alianza kazi mtaa wa Gajuwaka akichomelea vyuma vya madirisha. Alipoingia kiwandani kwetu, kiwanda kilikuwa cha kukarabati tu. Nyambizi zilikuwa za Warusi, vitabu vyake vya Kirusi, na hata nati ikikatika tulikaa miezi tukingoja nyingine ije, huku wanamaji wakitucheka. "Nyie ni mafundi au walinzi?" walituuliza. Paidiraju alilichukia swali hilo kuliko njaa. Alijifunza kuchomelea kwa kutazama kioo kidogo, mkono ukiwa umepenya mahali ambapo kichwa hakiingii, na miaka ikaenda mpaka akawa ndiye anayeitwa penye pagumu.

Kila fundi wa daraja lake ana muhuri wa chuma. Akimaliza kiungo hugonga namba yake pembeni, ili kikija kuvuja huko chini baharini ijulikane ni mkono wa nani. Namba yake ilikuwa arobaini na moja. Kwa miaka kumi na tisa picha za eksirei za viungo vyake zilirudi safi, hata watu kantini wakiona wali umeiva vizuri walisema, "Huu ni arobaini na moja."

Mimi kazi yangu ni tanuri. Vijiti vya kuchomelea havitakiwi kuonja unyevu, maana unyevu au mafuta vikiungua huacha vitundu ndani ya kiungo, na katika mji wetu hewa yenyewe ni maji. Kwa hiyo huvikausha humo na kuvitoa vichache vichache kwa saini. Paidiraju alikuwa akija kila asubuhi na kopo lake kuvichukua, akiviita idli, kama vile vitumbua vyetu vya mvuke.

"Dada Kantamma, idli zangu zimeiva?"

"Zimeiva. Chatini kaombe kwa mkeo."

"Ratnalu kanuna. Jana nimerudi na shati jipya limetobolewa na cheche."

"Na nani alikwambia uje kazini umevaa kama unaenda kuposa? Sogea, unaniingizia upepo."

Mwaka huo wa kumi na tisa tulipewa kujenga nyambizi yetu, ndipo kilipoletwa chuma chetu wenyewe, kilichopikwa humu humu nchini. Kabla ya hapo chuma cha gamba la nyambizi tulikiagiza ng'ambo. Mhandisi Hymavathi, ambaye sisi tulimwita Madam, alikuwa amekipigania miaka saba, na makao makuu walikubali kwa shingo upande. Pete ya kwanza ya gamba, yaani duara kubwa la chuma la kuungwa na mengine, ikifaulu, nyambizi na manowari zote zitakazofuata zingejengwa nacho. Ikianguka, tungerudi kuagiza.

Dasara, sikukuu ya mungu wetu Mama Durga, iliingia pete hiyo ikiwa ukumbini mwa kiwanda, inangoja kuchomelewa. Siku ya kuabudu zana hakuna anayefanya kazi. Nyundo, koleo, mashine, hata tanuri langu, vyote huoshwa, hupakwa manjano na kumkuma, ule unga mwekundu wa ibada, na kuvunjiwa nazi. Madam alikuwa amebandika tangazo mlangoni: ibada ifanyike mezani, pete isiguswe. Paidiraju, kama mkubwa wetu, ndiye aliyeongoza. Alipomaliza meza alisimama akiitazama ile pete.

"Dada, bibi harusi huyu akae bila manjano kweli?"

"Tangazo umelisoma."

"Nimelisoma mimi. Mama Durga hasomi matangazo."

Nilicheka. Hapo ndipo nilipokosea, maana ningemkaripia angeacha, na mdomo wa kukaripia ninao. Akachukua manjano yaliyokorogwa kwa mafuta ya ufuta, akapaka ukingo wa pete, kipande cha urefu wa mkono, akatia na nukta tatu nyekundu.

Tuliporudi kazini aliufuta ule ukingo kwa kitambaa mpaka rangi ikatoka. Utaratibu unasema ukingo ukichafuka usagwe kwa mashine kabla ya kuchomelewa, na yeye alikuwa mtu wa kumfokea mwenzake kwa alama ya kidole tu. Lakini kupitisha jiwe la kusagia juu ya manjano ya Mama hakuweza. Aliniambia baadaye kwamba aliona kama atamkwangua usoni. Akakipasha chuma moto, akachomelea, akagonga arobaini na moja.

Picha zilirudi na matundu. Yalikuwa madogo mno, nukta nyeusi kama ufuta uliomwagika, na yote yalikuwa ndani ya kiungo kile.

Makao makuu wakamtuma Bwana Vardhan na watu wake kuchunguza. Kwanza walikuja kwangu. Walipima joto la tanuri, wakasoma daftari langu la saini mstari kwa mstari, wakakuta vijiti vikavu. Mkono wa fundi hakuna aliyeutaja. Nani angemshuku arobaini na moja? Kilichobaki kulaumiwa kikawa chuma, na Vardhan hakuficha kwamba amefurahi.

Siku hiyo Paidiraju alikuja tanurini bila kopo.

"Dada, ni manjano."

"Najua."

"Nikisema wananinyang'anya muhuri. Kuchomelea juu ya uchafu huku unajua, hilo halina msamaha."

"Basi nyamaza. Tunaojua ni wewe na mimi. Acha wakaagize chuma huko walikozoea, kwani sisi kitatupungukia nini?"

Nilisema hivyo, sijifichi. Nilimpenda yeye kuliko nilivyokipenda chuma, na mpaka leo sioni aibu.

"Nimezeeka nikingoja nati, dada," akasema. "Madam naye azeeke akingoja chuma, na kosa ni langu?"

Kesho yake kikao kilikaa. Nami nilikuwemo kwa sababu ya daftari langu. Vardhan alikuwa anasoma kwamba chuma cha ndani bado hakijakomaa, mlango ukafunguliwa, Paidiraju akaingia na nguo zake za kazi.

"Chuma hakina kosa, bwana. Nilikipaka manjano."

Mmoja akaangua kicheko. Vardhan akaweka karatasi chini. "Manjano? Hiki ni kikao au jiko?"

"Manjano na mafuta ya ufuta. Nikafuta kwa kitambaa. Sikusaga."

Madam alifumba macho. "Tangazo uliliona, kaka?"

"Nililiona, Madam."

"Wamepanga hawa," Vardhan akawaambia wenzake. "Mzee amekuja kukiokoa chuma chao kwa hadithi za mapishi."

"Nipeni vipande viwili vya chuma hichohicho," Paidiraju akasema. "Kimoja safi, kingine kipakwe. Nichomelee mbele yenu."

"Uharibu kimoja makusudi?" Vardhan akauliza.

"Basi pakeni nyinyi, mfute nyinyi," Madam akasema, "asijue ni kipi."

Ikawa hivyo. Msaidizi wa Vardhan alikwenda kuomba manjano kantini, akapaka na kufuta nyuma ya mlango uliofungwa. Vipande vyote viwili vilipitishwa kitambaa vikang'aa, hata mimi nisingevitofautisha. Nikatoa vijiti tanurini, vya kopo moja. Paidiraju akashusha kofia ya uso, akaanza.

Nimeona mafundi wengi wakichomelea, lakini sijaona mkono ukitulia namna ile. Angeweza kuharibu vyote viwili, chuma kikaanguka na muhuri wake ukabaki. Angeweza kulegeza kidogo tu. Alichomelea kana kwamba vipande vyote viwili vinakwenda chini ya bahari na wanawe wakiwa ndani. Alipomaliza aligonga namba yake kwenye kila kimoja, kwa kuwa ndivyo utaratibu unavyotaka.

Tulizingoja picha tumekaa kwenye benchi. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza. Niliinamisha kichwa nikasikia anamwomba Mama kile kipande chenye manjano kiwe kibovu. Miaka yote hiyo kiwandani sijawahi kumsikia fundi mwingine akiomba kazi ya mikono yake iharibike.

Kikawa kibovu, chenye matundu yaleyale. Kile kisafi hakikuwa na doa hata moja.

Vardhan aliziinua picha kwenye mwanga, akazigeuza, akazirudia. Mwishowe akasaini kwamba chuma kimefaulu, tena kwa mwandiko mzuri, sitamdhulumu. Madam hakusherehekea. Alinyoosha mkono juu ya meza.

"Muhuri, kaka."

Paidiraju aliutoa mfukoni, akaufuta kwa shati, akauweka mkononi mwa Madam.

Jioni nilimsindikiza kwake, niliogopa kumwacha peke yake barabarani. Ratnalu alikuwa barazani anachambua mboga ya majani ya gongura. Alitutazama nyuso zetu, akasimama.

"Imekuwaje?"

"Chuma kimefaulu," Paidiraju akasema, akiinama kuvua viatu.

"Sijakuuliza habari za chuma. Nimekuuliza zako."

"Ndizo hizohizo," akasema, na hakuinuka. Alibaki ameinama, kamba ya kiatu mkononi, akalia mbele yetu sote wawili.