Mafuta ni ya Mgeni

Harufu ya mkia wa kondoo ukiyeyushwa hunitia kichefuchefu hadi leo. Wenzangu chuoni walidhani ni maringo ya msichana aliyeuzoea mji. Walikosea. Mafuta hayo niliyapenda mpaka nilipofika miaka kumi na mmoja, na nyinyi nitawaambia kilichotutenganisha.

Mjomba Lokwawi, kaka yake mama, alikuwa fundi wa redio Lodwar. Katikati ya miaka ya tisini alinunua mpira wa meza kutoka nyumba ya wageni iliyofungwa kando ya ziwa. Ilikuwa meza nzito ya kizamani, yenye vyuma vinane vya kukatiza, kila chuma kimebeba wachezaji wadogo wa mbao, na tundu la kutumbukizia shilingi ili mipira tisa iporomoke. Ilitufikia juu ya lori la makaa ikiwa maiti. Nusu ya wachezaji hawakuwa na vichwa. Tundu lilijua shilingi kubwa ya zamani tu. Ile mpya ndogo ilipita kama mwizi na kuangukia ndani bila kufungua chochote. Mjomba alikata bati la kopo la mafuta ya kupikia, akalikunja, akalipiga tupa, akalibana tundu mpaka mashine ikaikubali sarafu mpya. Akachonga wachezaji wengine kwa mti wa esekon, uleule wa miswaki yetu, na golikipa akamtoboa mdomo wa chini kama mzee wa zamani. Niliitazama kazi hiyo siku nyingi, nikaamini mikono ile haiwezi kuharibu kitu.

Meza ilipopona, mimi ndiye niliyecheza kwanza. Mjomba aliniweka upande wa wekundu, mgongo ukutani, miguu juu ya kreti ya soda. Baada ya majuma machache hakukuwa na wa kunishinda. Makuli, walimu, madereva wa Kisomali waliokuwa wakipumzisha malori, wote walikuja kumfunga mtoto wa darasa la tano, wakaondoka wakicheka kwa aibu, kisha wakarudi na marafiki zao.

"Huyu msichana ana mkono!" mjomba alitangaza hadi barabarani. "Nani anamtaka Nakiru?"

Kila asubuhi, kabla ya kufungua, aliyeyusha mafuta ya mkia wa kondoo na kuvipaka vyuma vya upande wa pili. Vya upande wangu alivisugua kwa kitambaa kikavu tu. Nilipomuuliza sababu, alinijibu taratibu: "Mafuta ni ya mgeni, mpwa wangu. Mwenyeji hujilia mfupa."

Kwetu maneno hayo hayahitaji mkalimani. Mgeni akichinjiwa kondoo, mkia ni wake. Nikaona mjomba ni mtu wa haki kupita kiasi, na mimi nikavimba kichwa: niliwafunga watu waliopakwa mafuta, nami nikiwa na vyuma vikavu! Jambo moja tu lilinisumbua miezi hiyo. Penseli zangu za shule zilikuwa zikipotea, na mama alinichapa mara mbili kwa uzembe.

Likizo ilipofika, tuliihamishia meza Kakuma, sokoni karibu na kambi ya wakimbizi. Mkabala wetu palikuwa na kibanda cha chai cha mama mmoja wa Kisudani, na mpwa wake Achol, msichana aliyenizidi mwaka mmoja au miwili. Achol alicheza nami mara tatu, akashindwa mara tatu. Mara ya tatu hakuutazama mpira hata kidogo. Alikuwa akivitazama vyuma.

"Sasa sisi badilisha upande," akasema. "Mimi nyekundu."

"Hapana," mjomba akaingilia. "Mwenyeji hahami kiti chake."

Achol akacheka. "Mwenyeji gani? Hapa Kakuma hata wewe umekuja na lori!"

Watu wakapasuka kwa kicheko. Mjomba akaniinamia, akaninong'oneza kwa Kiturkana niseme naumwa tumbo. Nilidhani anaihurumia heshima yangu.

"Mwache, mjomba," nikasema kwa sauti ya kusikika. "Huyu namfunga hata nikisimama juu ya paa." Nikaburuta kreti yangu hadi upande wa pili.

Ilikuwa alasiri, na upepo ulikuwa umepuliza vumbi tangu saa tatu. Nilipovuta chuma, kilinguruma kama ugali wenye mchanga mdomoni. Mafuta ya asubuhi yalikuwa yamelishika vumbi lote la soko, yakawa ujiuji. Nilivuta kwa mikono miwili, kisha kwa mwili mzima. Upande wa Achol vyuma viliruka. Alinifunga nane kwa moja, na hilo moja alijifunga mwenyewe.

"Ana mkono wa kuoshea vyombo!" mmoja akapiga kelele.

Nikamgeukia mjomba nione atakavyoshangaa. Alikuwa anakunja kitambaa chake, pembe kwa pembe.

Achol akapitisha kidole kwenye chuma cha wekundu, akaninyooshea. Kidole kilikuwa cheusi, kinang'aa. "Hii ya shule," akasema.

Weusi huo nilikuwa nikirudi nao nyumbani kila jioni, na mama akiuliza, nilimjibu ni wa penseli. Kumbe nilikuwa nasema kweli.

Usiku nililia bila sauti. Asubuhi nilikwenda sokoni kudai maelezo, nikamkuta Achol amesimama juu ya kreti yangu, mgongo ukutani. Mjomba alikuwa akivipaka mafuta vyuma vya wageni. Alipomaliza akanyoosha shingo na kutangaza, kwa sauti ileile, "Huyu msichana ana mkono!" Achol aliniona, akainamisha macho.

Chuo kikuu kilinifundisha kwa nini unga wa penseli hulainisha chuma bila kushika mchanga. Fundi yeyote wa Turkana angenieleza bila ada. Huko bwenini palikuwa na meza kama ile, na kabla ya kucheza niliipangusa pande zote mbili kwa kitambaa kimoja. Walinicheka. Hata nikishinda niliomba tubadilishane upande, tuanze upya. Nimeishi hivyo na wahadhiri, wachungaji, wachumba: nikipewa mafuta, huuliza upepo unatoka wapi.

Hasira kwamba aliwadanganya madereva iliisha mapema. Lililobaki nililielewa nikiwa mtu mzima, siku nilipomtembelea Lodwar. Tuliamkiana, ejok, ejok, akaniwekea chai. Nikamuuliza: "Mjomba, ungevipaka vyuma vyote sawa, ningeshinda?"

Aliiweka birika chini, akanitazama kwa uaminifu ambao sikuwahi kuuona kwake.

"Sijui, mpwa wangu," akasema. "Sikuwahi kujaribu."